Kofia za Idi, Mwezi Ulipokula Jua

Ninyi wasichana munaojua Idi kwa redio, sogeeni kidogo. Siku hizi mutu wa muji mukubwa anasema "kesho Idi", na ninyi munafunika mashini zenu na kwenda kuosha muchele. Sisi hatukuwa na wa kutuambia. Tulikuwa na mwezi tu. Mwezi hautumi habari mbele: unaonekana ama hauonekani, na ukionekana, kofia lazima iwe kichwani mwa mwenyewe asubuhi yake.

Nimeshona kofia hapa Kasongo tangu wakati wa Wabeleji mpaka vidole vilipokataa. Kwa kazi hiyo ninamushukuru Mungu, na baada ya Mungu ninamushukuru mama mukwe wangu, Mama Tausi. Macho haya ninayowatazamia, yanayowaona mukificha uzi uliokatika, ni yeye aliyeyalinda. Nitafika huko.

Kwanza mujue mambo ya mwezi, maana kazi yetu yote ilikwenda nao. Kuna siku mwezi unapungua, unabaki kama ukucha wa alfajiri, halafu haupo. Wazee walisema mwezi umekufa. Haujafa. Umekwenda upande wa jua, unatembea nalo muchana, na ule upande wake unaopata mwanga umetupa mugongo. Mwanangu aliyesoma alinieleza hivyo baadaye kwa taa na chungwa, kisha akalila chungwa.

Lakini hata kabla ya chungwa lile, sokoni tulijua mwezi umepotea. Samaki wa Nyangwe walikuja wengi, kwa sababu wavuvi wa Lualaba wanapenda giza. Samaki hawauoni wavu. Majira ya kumbikumbi, wenye taa walileta vikapu vimejaa, maana mwezi ukiwaka kumbikumbi hawajali taa ya mutu. Na kwetu Lusangi, baba yangu hakukata muti wa paa ila mwezi umekufa. Alisema muti uliokatwa kwenye mbalamwezi unaliwa na wadudu. Kama ni kweli sijui. Ninajua tu kwamba paa lake lilidumu kuliko yeye.

Kwa sisi wenye sindano, dalili ilikuwa wateja. Mwezi wa Ramazani ukianza kukonda, wanaume ambao hatukuwaona tangu mufungo uanze walikuwa wanajaa uani kama kuku walioitwa. "Mama, kofia yangu imefika wapi?" Imefika wapi, na kitambaa umekileta jana!

Mimi si mutu wa Kasongo kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Lusangi, njia ya Kabambare, kwa watu wa jembe na wa misioni. Tulilimishwa pamba kwa lazima, tukaibeba mpaka kwa wanunuzi, na sikuwahi kujiuliza inakwenda kuwa nini. Aliyenioa ni Hamisi, Muislamu wa hapa mujini, kijana wa kamiyo. Alipanda juu ya mizigo kati ya Kasongo na Kabambare, ingawa ukimuuliza mwenyewe, yeye alilisukuma gari kwenye matope zaidi ya vile gari lilivyomubeba. Nikasilimu, nikaletwa kwa mama yake.

Mama Tausi alikuwa mujane, mufupi, mwenye sauti nzito, na kofia zake zilijulikana mpaka Nyangwe alikozaliwa. Siku nilipofika alinishika mikono miwili, akasema, "Karibu, mwanangu, hapa ni kwako." Maneno mazuri. Lakini alipoyasema, uso wake ulikuwa umeelekea kwa kuku waliokuwa wanachakura kando yangu.

Nikadhani ni siku hiyo tu. Hapana. Kila aliposema na mimi aligeuka pembeni. Nikimupa chakula, anashukuru ukuta. Nikimusalimu asubuhi, anaitikia mulango. Nikasema moyoni, mama huyu hataki kuniona. Ameona muguu wa shamba, ameona mutoto wa misioni, na adabu tu ndiyo inamuzuia kunifukuza.

Nikamuambia mume wangu, "Hamisi, mama yako hanipendi. Hanitazami usoni."

Akacheka. "Mama? Anatazama watu wote hivyo. Ni heshima ya watu wa Nyangwe."

Basi, nikaishi na heshima ya watu wa Nyangwe, nikijifunza kazi.

Kofia yetu ni vitambaa viwili vya amerikani vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na kote kumejaa vitundu vidogo. Kila kitundu unakitoboa kwa sindano nene, unakizungushia uzi mpaka mudomo wake unakuwa mugumu. Vitundu ndivyo vinachora maua, na ndivyo vinapitisha hewa kichwani. Mama Tausi hakunifundisha kwa kunionyesha. Alinifundisha kwa kunifumbisha macho.

"Pitisha kidole. Kitundu gani kimelegea?"

"Sijui, Mama."

"Basi pitisha tena. Jicho linaona maua, linafurahi, linasahau kazi. Kidole hakifurahi ovyo."

Nilifumba macho mpaka nikajua kitundu kilicholegea kwa ncha ya kidole kama munavyojua punje ya muchanga kwenye wali. Sindano zote za nyumba ile nilizitunga mimi, zangu na zake. Alisema mwanafunzi huanza kwa kutunga uzi. Mwaka ukaisha, bado ninatunga. Nikadhani mimi ni mwanafunzi mugumu.

Mengine aliyonipa ni haya, na ninyi muyachukue. Uzi upitisheni kwenye nta ya nyuki kabla ya kushona, hautajikunja. Sindano zikae zimechomwa kwenye kipande cha sabuni, hazitapata kutu na zitateleza. Magotini muweke kitambaa, maana vumbi jekundu la Kasongo likiingia kwenye amerikani nyeupe, halitoki mpaka kiyama.

Na kichwa kipimwe baada ya wembe! Hili nililijifunza kwa aibu. Kofia yangu ya kwanza ya kuuza ilikuwa ya muzee mumoja mwenye nywele nyingi. Nikamupima kwa kamba, nikashona, kila kitundu kizuri. Yeye akaenda kunyoa kwa ajili ya Idi. Asubuhi alipoivaa, ikashuka, ikapita masikio, ikasimama kwenye pua. Akarudi kwetu akitembea kwa kupapasa. Mama Tausi aliishika ile kofia, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akaipunguza nyuma kwa mukono wake mwenyewe wakati muzee anangoja, ili asikose swala. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Leo umejifunza kitu ambacho mimi nilijifunza kwa vichwa vitatu."

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Ramazani. Hamisi alikuwa amekwenda Kabambare na kamiyo. Mimi nilikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana, na Mama Tausi alikuwa amenikataza kufunga. Tulikuwa tumebakiza kofia chache, na kubwa kati ya hizo ilikuwa ya imamu wa musikiti wetu. Kofia ile niliishona mimi tangu kitundu cha kwanza. Kama ingeharibika, isingekuwa siri.

Kofia ikikaribia kwisha, tulikuwa tunaipeleka uani jua likiwa juu. Unatandika kitambaa cheupe chini, unasimama, unaiinua kofia mpaka juu ya kichwa chako, jua linapita kwenye vitundu. Chini kwenye kitambaa kila kitundu kinatoa tone la mwanga, duara. Kilichoziba hakitoi kitu, unakiona mara moja.

Nikaiinua kofia ya imamu. Nikatazama chini. Matone yote yalikuwa yameumwa. Hakuna duara hata moja. Kila tone lilikuwa limekatwa ubavuni, kama muhogo ulioumwa na panya.

Jasho likanitoka. Nikaishusha kofia, nikaitazama: vitundu vizuri, duara. Nikaiinua tena: vimeumwa. Nikasema, nimevuta uzi vibaya. Nikakaa nikaanza kufumua ua moja. Nikakishona upya kitundu kimoja, nikakizungushia vizuri, nikainua. Nacho kimeumwa, na sasa kipande kilichopotea kimekuwa kikubwa zaidi.

Mama Tausi alikuwa kivulini anasugua uzi kwa nta. "Feza," akaniita, "mbona unahema?"

"Mama, nimeharibu kofia ya imamu."

"Umeiharibu namna gani?"

"Vitundu vimekatika. Nikiinua kwa jua, mwanga unatoka nusu."

"Vingapi?"

"Vyote."

Mikono yake ikasimama. "Vyote? Vimekatwa upande mumoja?"

"Upande mumoja, Mama. Vyote."

Akainuka, uzi ukaanguka chini. Mutu ambaye siku zote alivuka uani kwa kupitisha mukono ukutani, niliona anatembea katikati, haraka. "Kofia yako ni nzima," akasema. "Mwezi umeingia mbele ya jua. Watoto wako wapi?"

Watoto wa mutaa walikuwa njiani, juu ya kichuguu. Mumoja alikuwa amekwisha kugundua. Walisimama vichwa juu, mikono kwenye paji, wanashindana nani atatazama jua bila kupepesa. Nami, nilipotoka nje na kusikia kelele zao, nilifanya kama mutu yeyote: nikaanza kuinua uso.

Sijafika. Kiganja cha Mama Tausi kilinifunika macho, kwa nguvu, mpaka pua ikauma.

"Usitazame! Feza, kwa jina la Mungu, usitazame juu!"

Kisha akawapigia kelele watoto. "Shukeni! Shukeni, musitazame juu!"

Wakacheka. Mukubwa wao akasema, "Mama Tausi, haiumi! Iko kama ukucha!"

"Ndiyo, haiumi," akasema. Alikuwa anapumua kwa shida, na midomo ilikuwa imekauka kwa kufunga. "Hata mimi haikuniuma. Nilikuwa musichana, Nyangwe, ukingoni mwa muto. Jua likashikwa kama hivi, tukashindana kama ninyi. Mimi nikashinda. Kesho yake niliamka, nikamutazama mama yangu, hana uso."

Kicheko kikazimika.

"Hana uso namna gani?" mutoto akauliza.

"Nikitazama kitu, pale ninapotazama panakuwa kiwingu. Pembeni ninaona. Katikati hapana. Mpaka leo. Shuka, baba, shuka uje kwangu, nitakuonyesha jua bila kuumia."

Wakashuka mumoja mumoja. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale njiani. Nilikuwa ninakumbuka kuku, na ukuta, na mulango, na sindano zote zile nilizotunga.

Jirani yetu Mama Zabibu akatoka na sufuria anaipiga kwa mwiko, kama walivyofanya watu wa zamani ili jua liachwe. Aliponiona akapiga kelele, "Feza, ingia ndani! Mwenye mimba hakai nje jua likiliwa, mutoto atazaliwa na alama!"

Mama Tausi akamujibu, "Mutoto wa tumboni hana jua la kutazama. Mwache mama yake hapa. Leo ninahitaji mutu wa kuona." Akanigeukia, yaani aligeukia kidogo kando yangu. "Chukua ile kofia. Iinue."

Nikaingia uani, watoto nyuma yangu, nikalipa jua mugongo, nikaiinua kofia ya imamu. Kwenye kitambaa cheupe yakaanguka majua mengi madogo, kila kitundu jua lake, na kila jua limebaki mwezi mwembamba. Ua moja lilikuwa na majua yake yamezungukana. Watoto wakapiga magoti. Wakanyoosha vidole, majua yakapanda juu ya vidole vyao. Hata Mama Zabibu akaacha sufuria, akaja, akasema, "Aa! Kumbe iko hivi?"

Mwanga wa uani ukawa wa ajabu, muchana lakini si muchana. Baridi ikaingia. Kuku wakaanza kurudi kwenye banda lao. Tukasikia mwito kutoka musikitini. Wanaume walikuwa wanaitwa kwenye swala ya jua kushikwa. Mama Tausi alisimama karibu nami, mukono wake begani kwangu, akiuliza kila mara, "Sasa iko namna gani?"

"Imekuwa nyembamba sana, Mama. Kama uzi."

"Na sasa?"

"Inarudi. Inanenepa kwa upande mwingine."

"Alhamdulillahi," akasema. "Musitazame juu bado, mpaka yawe duara yote."

Hakuna mutoto wa mutaa wetu aliyeumia macho siku ile. Nami sikuumia. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu, na bila kiganja kile, ningeipata kazi yangu wapi? Miaka yote ya sindano, wanangu wote ninaowajua sura, yote ilipita chini ya kiganja kile.

Watoto walipokwenda, tukakaa kivulini kurudisha ua nililolifumua. Nilishona na machozi yananitoka, na ninyi munajua mutu hashoni vizuri hivyo. Nikamuuliza, "Mama, umewahi kuniona?"

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikielekeza macho kwako, uso wako unapotea. Nikiyapeleka kwa kuku, ninakuona. Una mwanya. Ukikasirika unauma mudomo wa chini. Ulifikiri ninageuka kwa nini?"

Nilikuwa nimeuma mudomo wa chini.

"Na Hamisi? Kwa nini hajui?"

"Baba yake alikufa, mutoto hajaota meno. Nilimulea kwa sindano. Nani atamupa kazi ya kofia fundi asiyeona? Nikanyamaza. Nikafundisha vidole. Halafu unanyamaza mwaka, unanyamaza miaka kumi, na neno linakuwa zito kama jiwe la kusagia, hujui ulianze wapi." Kisha akapiga makofi mara moja kama mutu anayefukuza usingizi. "Haya, acha kulia kwenye amerikani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Nyangwe, na alisema jua halishikwi ila mwezi ukiwa umekwisha kupotea. Leo vimekutana, leo vinaachana. Mbingu ikiwa safi, kesho magharibi mwezi utaonekana. Hatuna siku nyingine."

Basi kazi iliyofuata, wanangu, sijaifanya tena maisha yangu yote. Mimi nilishona, yeye alipitisha kidole kwenye kila kitundu na kunirudishia vilivyolegea, bila kujificha sasa. Alifua, akapaka uji mwembamba wa muhogo ili kofia zisimame, akazianika juu ya vyungu vilivyofudikizwa. Wateja walikuja wamechanganyikiwa kwa habari ya jua, tukawaambia waje kesho alasiri, na wanyoe kwanza.

Kesho yake magharibi watu walipanda kilimani, mawingu yakapasuka kidogo, na kelele za takbira zikashuka mujini. Mwezi wa Idi umeandama. Kofia ya mwisho ilikuwa imetoka mulangoni kwetu jua likizama.

Hamisi alifika siku ya Idi yenyewe, muchana, amejaa vumbi, midomo imepasuka. Kule Kabambare mvua ilikuwa imefunika mbingu, mwezi haukuonekana, watu walikuwa bado wanafunga. Alikuwa ameondoka alfajiri hajala, na njiani amesukuma gari mara mbili. Anaingia uani, anakuta wali wa nyama, watoto wamevaa nguo mupya, na mama yake amekaa kwenye mukeka katikati ya majirani.

"Ninyi munakula?" akauliza. "Ramazani imekwisha lini?"

Tukacheka sana. Akaanza kutusimulia jinsi jua liliposhikwa wakiwa njiani kwenda Kabambare, dereva akasimamisha gari, na kuku waliofungwa juu ya mizigo wakalala wote. "Na wewe ulilitazama?" mama yake akauliza, na sauti yake haikuwa ya kucheka.

"Nilikuwa chini ya gari, Mama. Ninafunga springi iliyokatika kwa kamba."

Mama Tausi akafumba macho kidogo. Kisha akasema, "Kaa hapa, Hamisi." Na pale pale, mbele ya majirani, akamuambia. Akamuambia habari za ukingo wa muto Nyangwe, na kiwingu, na nyuso zote alizozitazama kwa pembeni, na uso wake yeye Hamisi tangu akiwa muchanga. Hakulia. Aliyelia ni Hamisi, mwanaume mwenye mabega ya kusukuma kamiyo. Aliweka kichwa chake magotini pa mama yake, akasema, "Mama, na mimi nilikuwa ninawaambia watu ni heshima."

"Ni heshima pia," mama yake akasema, akimufuta vumbi shingoni. "Inuka, ule kwanza. Wali unapoa, na wewe Idi yako imechelewa."

Akainuka, nikamupa sahani. Alikula huku analia, na mama yake akiendelea kumuongezea nyama kwa mukono wake, bila kukosa sahani hata mara moja.